Ufunguo Kwenye Pindo la Kanga

Mtaani kwetu yuko mama ambaye hata harusini hutafuta kiti kinachotazama mlango. Ufunguo wa geti ameufunga kwenye pindo la kanga, na kila baada ya muda hulipapasa bila kukatiza mazungumzo. Mwanawe wa miaka 14 ana usonji, na mara mbili amechomoka nyumbani akakutwa barabara kuu. Majirani wanasema mama huyo amebadilika: alikuwa mcheshi, siku hizi mkali.

Hulka ya mtu mzima haigeuki upesi, lakini si kama alama za vidole zisizobadilika; hata mwili wenyewe huweza kubadilika. Marsha Mailick Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwafuatilia akina mama wenye watoto wa usonji waliokwisha kuwa vijana au watu wazima. Kwa siku nane waliwapigia simu kila jioni, na baadhi ya siku wakapima mate yao kutafuta kotisoli, homoni ambayo kwa kawaida hupanda tunapoamka na kushuka kuelekea usiku. Kwao ilikuwa chini mno, kama inavyoonekana kwa wanajeshi waliokaa vitani. Mwili unaopigiwa king'ora kila siku huacha kukurupuka. Hata hivyo, walisimulia mambo mema ya siku kama akina mama wengine.

Mwaka 2004, Elissa Epel na Elizabeth Blackburn wa California walichunguza akina mama 58, 39 kati yao wakiuguza watoto wenye maradhi ya kudumu. Walipima telomia, ncha zinazolinda kromosomu kama pindo linavyozuia kitambaa kisifumuke. Kwa wastani, wao na wale wasiouguza hawakutofautiana. Kuwa na mtoto mgonjwa peke yake hakukufupisha kitu. Ila kadiri miaka ya kuuguza ilivyozidi, telomia zilikuwa fupi zaidi. Na waliojiona wameelemewa kupita wote, wawe wauguzaji au la, seli zao zilionekana kuzeeka kwa miaka 10 au zaidi kuliko za waliojiona wametulia.

Kwa hiyo ule ukali siuiti tabia mbaya. Ni zamu isiyo na wa kupokea.

Jumamosi iliyopita dada yake alikuja akauchukua ufunguo. Mama akakaa shughulini, mlango nyuma yake, akacheka sana. Vidole viliendelea kulipapasa pindo.