Fundi Naye Ana Watoto

Wazazi wetu wengi wanaishi peke yao, na jambo likiharibika usiku anayefika kwanza si mtoto waliyemzaa, bali fundi wa mtaani.

Bibi mmoja, mjane wa kanisani kwetu, alisikia harufu ya gesi jikoni. Fundi bomba wa jirani alikuja na mvua yake. Alikataza mtu yeyote kugusa swichi ya taa, akafunga mtungi, akafungua milango na kungoja, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni. Harufu ilipokwisha alifungua mtungi kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye mpira. Palipotoka mapovu ndipo palipopasuka. Akaweka mpira mwingine. Alipoulizwa malipo akajibu, “Niombee tu, bibi.”

Tulimshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mpira hautolewi bure dukani. Bibi amesamehewa deni; sisi wenye wazazi hatujasamehewa. Mama mwenzetu, ulizia leo ni fundi gani humkimbilia mzazi wako, umwandikie mzazi namba yake ukutani kwa tarakimu kubwa, na siku fundi akiitwa, mpelekee fedha zake kabla jua halijatua.