Njia Zipitwazo Ubongoni

Mtoto akirudi chuoni amelisahau somo la juzi, wazazi wengi husema ana kichwa kigumu. Sisi twaona neno hilo hutamkwa mapema mno.

Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na baina ya seli na seli pana upenyo mwembamba ambamo ujumbe huvushwa kwa kemikali. Nguvu ya maungio hayo hubadilika. Mwaka 1973, Tim Bliss na Terje Lømo walichapisha majaribio waliyoyafanya Oslo, Norwei, kwa sungura waliotiwa dawa ya usingizi. Walipoichochea hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, kwa mipigo ya haraka ya umeme, maungio yaliitikia kwa nguvu zaidi, na hali hiyo ikadumu kwa saa kadhaa. Baadaye ikabainika pia kwamba mipigo ya polepole, mmoja kila sekunde kwa dakika 15, huyadhoofisha.

Siri imo katika kalsiamu. Ikiingia kwa wingi na kwa ghafla ndani ya seli inayopokea, vipokezi huongezwa. Ikiingia kidogo kidogo kwa muda, huondolewa. Ajabu ni kwamba mlango ni ule ule.

Kudhoofika huko si maradhi. Lau kila ungio lingeimarika tu, ubongo usingeweza kupambanua jambo na jambo. Basi mtoto aliyesahau arejeshwe kwenye somo kabla halijafifia: robo saa jioni, kisha tena baada ya siku mbili, mara nyingi humfaa kuliko saa nzima za mfululizo usiku wa kuamkia mtihani.