Manju na Mwanafunzi Wake: Majigambo na Mgogoro katika Ngoma za Wasukuma

Kiswahili kina methali mbili zinazogombana. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" inamtaka mwanafunzi atulie. "Mafahali wawili hawakai zizi moja" inakiri kwamba akishaota pembe hatatulia. Makala haya yanachunguza jinsi sanaa ya manju wa Kisukuma, huko Shinyanga, Geita na Mwanza, inavyoukabili mgogoro huo. Hoja yetu ni kwamba Wasukuma hawakujaribu kuyaua majivuno ya msanii. Waliyapa uwanja, na uamuzi wakamwachia mtazamaji.

Manju ni nani? Ni mtunzi, mwimbaji na kiongozi wa ngoma kwa wakati mmoja. Umanju haupatikani vitabuni. Anayeutaka humfuata manju mwingine, hukariri nyimbo zake, huitikia nyuma yake, na hupewa dawa za ngoma. Kwa hiyo mwanafunzi ana deni kwa mwalimu wake tangu siku ya kwanza.

Makundi ya ngoma yamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Wagika na Wagalu. Simulizi zinavihusisha na Ngika na Gumha, waganga na wachezaji mashuhuri wa karne ya 19 walioshindania nani zaidi. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, Wagika huku, Wagalu kule. Watazamaji huhama watakavyo. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi, basi. Hakuna jopo wala alama.

Katika mazingira hayo majigambo ni sehemu ya fani. Manju hujitaja kwa jina ndani ya wimbo, hujisifu, humkejeli mpinzani. Msomaji anayeyachukua maneno hayo kama tabia yake ya nyumbani anakosea, maana anayejivuna pale ni manju wa uwanjani.

Sasa, mwanafunzi akimzidi mwalimu inakuwaje? Hapo ndipo penye kasheshe. Lakini tuangalie muundo wenyewe: kwa kawaida Mgika hushindana na Mgalu. Mwanafunzi aliyebaki katika chama cha mwalimu wake hana sababu ya kumwangusha aliyemlea, kwani pembe zake zinaelekezwa upande wa pili. Mwalimu anaepushwa na aibu, kijana anapata wa kupambana naye. Utaratibu huu haufuti wivu. Isitoshe, umati nao si hakimu safi: vituko na nyoka vinaweza kuwavuta watu kuliko shairi lenye uzito. Na palipo na dawa, anayeshindwa anaweza kusema amerogwa badala ya kukubali kwamba ametungiwa wimbo bora.

Tulinganishe na mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, akaziacha vina na mizani. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakaitetea njia hiyo katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Vijana hawa hawakukaa darasani kwa wakongwe wale, lakini walirithi sanaa yao, na ndiyo maana ugomvi ulikuwa mkali. Wakongwe waliona utovu wa adabu, vijana waliona minyororo. Swali likawa nani mwenye haki ya kuitwa mshairi, kana kwamba cheo hicho kinatolewa na aliyetangulia. Hatimaye wasomaji waliamua kwa kuzisoma pande zote mbili. Wangekuwa uwanjani Shinyanga, wangeamua jioni ileile.

Somo kwa wahakiki ni hili. Darasani mwalimu ni mshindani, ni hakimu, tena ndiye anayeshika kalamu ya alama. Mwanafunzi mwenye kipaji akimpinga, hata kwa hoja nzito, anaonekana ana kiburi. Akinyamaza, uhakiki wake unakuwa mwangwi wa mihadhara. Si kwamba walimu wetu ni wabaya. Tatizo ni kwamba hatuna uwanja wa tatu ambako hoja ya mwalimu na ya mwanafunzi zinawekwa sawa mbele ya watu wengine. Jarida kama hili linaweza kuwa uwanja huo, mradi wahadhiri nao wakubali kuingia humu na kujibiwa, na sisi wanafunzi tukumbuke kwamba hata manju mwenye majigambo makubwa alianza kwa kuitikia wimbo wa mwenzake.