Kufuli Katika Diski ya Pamoja

Kikundi chetu hapa Oloipiri kinatunga programu ya kuorodhesha vitabu vya maktaba. Ili kuweka kumbukumbu ya kila badiliko twatumia Git, iliyotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kazi yote imo katika diski moja, ambayo kompyuta zote za chumba huifungua kwa njia ya mtandao.

Mara nyingine Git hukataa kuandika, ikisema kwamba faili liitwalo index.lock lipo tayari. Napenda kueleza maana yake.

Faili hilo ni kama taulo litundikwalo juu ya mlango wa bafu bwenini: "Kuna mtu, ngoja." Git huliweka kabla ya kuandika na kuliondoa ikimaliza. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, taulo laweza kubaki hali bafu ni tupu, na watu wakapanga foleni bure.

Wengi husema, "Lifute tu." Hapo ndipo penye hatari. Ikiwa mwenzako angali anaandika, nawe ukaingia, mabadiliko yenu yaweza kupotea au kuharibika. Katika diski ya kompyuta yako waweza kutazama kama kuna Git nyingine inayofanya kazi. Katika diski ya pamoja, mwenye kufuli huenda yuko kwenye kompyuta nyingine, wala yako haimwoni. Kwa hiyo hapana budi kuuliza watu. Fanya hivi:

1. Waombe wote waliofungua diski hiyo wafunge Git na programu zao za kuandikia.
2. Ngoja kidogo, kisha tazama kama faili lingalipo.
3. Nakili folda nzima mahali pengine.
4. Futa index.lock peke yake. Usiguse kingine ndani ya folda ya.git.
5. Andika git status, kisha git fsck, uone kama yote ni salama.

Ujumbe ukisema huna ruhusa ya kuandika, hilo ni jambo jingine, mwone mwalimu.

Hiyo ni dawa ya siku moja tu. Dawa ya kudumu ni kila mmoja awe na nakala yake katika kompyuta anayotumia, na diski ya pamoja iwe ghala la kupelekea kazi na kuchukulia ya wenzake. Ghala hilo hutengenezwa kwa amri ya git init --bare.

Kufuta kufuli ni kazi ya sekunde moja. Kuuliza kwaweza kuchukua dakika tano, lakini dakika hizo ndizo zilindazo kazi ya muhula mzima.

Mwanafunzi, Kidato cha IV