Usiache Mbachao: Kisa cha Wapangaji wa Nakawa na Naguru

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hutajwa aghalabu katika mambo ya ndoa na ya kazi, lakini mwezi wa Julai 2011 ilipata maana nyingine katika jiji la Kampala. Mwezi huo tingatinga ziliingia katika mitaa ya Nakawa na Naguru, upande wa mashariki wa jiji, zikazibomoa nyumba za wapangaji 1,747 pamoja na jamaa zao. Wapangaji hao walikuwa wameahidiwa kwamba mahali pa nyumba zao kuukuu patasimama mji mpya wa maghorofa, na kwamba wao ndio watakaokuwa wa kwanza kupata nafasi humo. Kwa miaka kadhaa walikuwa wameupinga mpango huo, hata wakafika mahakamani. Ilikuwa rahisi siku hizo kuwaita watu wasiopenda maendeleo. Lakini yaliyofuata baada ya kubomolewa yanampasa kila mwenye nyumba, kila mpangaji na kila mtumishi wa umma ayatazame upya madai yao.

MITAA ILIVYOANZA

Mitaa hiyo ilikuwa na historia yake. Mnamo mwaka 1947 mjenzi mashuhuri Ernst May, Mjerumani aliyekuwa amehamia Afrika Mashariki, aliandika mpango wa kulipanua jiji la Kampala kuelekea vilima vya Kololo na Naguru. Zamani zake, kati ya mwaka 1925 na 1930, alikuwa amesimamia ujenzi wa mitaa ya wafanyakazi katika mji wa Frankfurt. Katika miaka iliyofuata serikali ya kikoloni ilijenga Nakawa na Naguru nyumba za kupangisha kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Nyumba zenyewe zilikuwa ndogo na za kwenda chini, lakini zilisimama karibu na barabara ya Jinja na karibu na viwanda, hata mtu aliweza kwenda kazini kwa miguu.

Wapangaji wa kwanza walitoka pande nyingi. Mtaalamu wa Kiingereza David Parkin, aliyeichunguza mitaa hiyo wakati Uganda ilipokuwa inapata uhuru wake, alichapisha kitabu mwaka 1969 kueleza jinsi watu wa makabila ya Uganda na wa makabila ya Kenya, hasa Waluo na Waluhya, walivyokuwa majirani humo. Mwaka 1970 Serikali ya wakati huo iliamuru wafanyakazi wengi wasio raia waondoke nchini, na milango mingi ikabadili wenyewe. Hata hivyo mitaa ilibaki kuwa mitaa. Watoto walizaliwa humo, wakasoma humo, nao wakawa wazazi humo. Kwa hiyo mtu anapozungumza juu ya nyumba hizo hapana budi akumbuke kwamba, ingawa kwenye daftari la halmashauri ziliandikwa kuwa vyumba vya kupanga, kwa waliozikalia zilikuwa makao ya vizazi.

MPANGO WA MAGHOROFA

Hoja ya Serikali haikuwa ya kupuuzwa. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 1.19 katika Kampala, na ile ya mwaka 2014 ikahesabu watu wapatao milioni 1.5. Mji unaoongezeka namna hiyo hauwezi kuendelea kuweka nyumba za kwenda chini juu ya ardhi nzuri iliyo karibu na kitovu chake. Nakawa na Naguru zilikalia ekari takribani 160. Ukijenga ghorofa juu ya ghorofa, ardhi ile ile huweza kukalisha watu mara kadhaa zaidi ya waliokuwapo, na bomba la maji na la maji machafu hutumika kwa wengi badala ya wachache.

Mwaka 2007 Serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni moja yenye asili ya ng'ambo, ili ijenge hapo mji mdogo wa kisasa wenye fleti, nyumba nyingine za kuishi, shule, maduka na hoteli. Gharama zilikadiriwa kuwa dola za Kimarekani milioni 300. Ndani ya mpango huo zilitengwa fleti 1,747, hesabu iliyo sawa na ile ya wapangaji waliokuwapo. Kwa mtu aliyesoma karatasi tu, mambo yalikuwa yamekamilika. Kila aliyeondolewa alikuwa na fleti yake iliyohesabiwa.

KWA NINI WALIKATAA

Wapangaji waliusoma mpango huo kwa macho mengine. Jambo la kwanza lililowakera lilikuwa haki ya kununua. Katika miaka iliyotangulia, nyumba nyingi za umma katika jiji la Kampala zilikuwa zimeuzwa kwa wale waliokuwa wakiishi ndani yake. Tena Uganda ilikuwa imetunga sheria ya mwaka 2001 inayomwezesha mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo la wengi na kupewa hati yake mwenyewe. Wapangaji wa Nakawa na Naguru waliuliza kwa nini wao, waliolipa kodi kwa miaka mingi, wasipewe nafasi ile ile waliyopewa wenzao.

Jambo la pili lilikuwa utaratibu. Mpango ulitaka wapangaji waondoke kwanza, nyumba zibomolewe, kisha maghorofa yajengwe, na mwishowe warudi. Katika kipindi chote hicho, familia ilipaswa kujitafutia pa kukaa katika mji ambao kodi zake hupanda kila mwaka. Mtu aliyehamishwa mbali hupoteza nauli kila siku. Mtoto wake hubadilishiwa shule, na mama aliyekuwa akiuza mboga au samaki mbele ya mlango wake hupoteza wateja aliowajenga kwa miaka. Gharama hizo haziandikwi katika mkataba wowote, lakini hulipwa kila jioni.

Jambo la tatu lilikuwa imani. Ahadi ya fleti 1,747 ilikuwa ahadi ya mjenzi ambaye bado hajaweka hata tofali moja. Iwapo mjenzi huyo atakosa fedha, au akagombana na Serikali, au akaona faida zaidi katika hoteli kuliko katika nyumba za wafanyakazi, mpangaji aliyekwisha kuondoka angesimama mahali gani? Nyumba yake imekuwa kifusi, na jina lake limebaki katika orodha tu. Mwenye mbacha anao mbacha wake, hata ukiwa umechakaa. Mwenye kuahidiwa msala hana cha kukalia.

BAADA YA TINGATINGA

Kesi na mabishano viliichelewesha kazi kwa miaka kadhaa, hata mwaka 2011 nyumba zikabomolewa. Ujenzi haukufuata upesi kama ilivyotazamiwa. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais Yoweri Museveni mnamo Oktoba 2013, yaani zaidi ya miaka 2 tangu familia kuondoka. Hata baada ya jiwe hilo mji uliotangazwa haukuinuka. Majani yaliota mahali palipokuwa na vyumba, na watu waliopita barabarani walizoea kuona uwanja mtupu katika sehemu ya jiji ambamo kiwanja kidogo huuzwa kwa bei kubwa.

Baadaye Serikali iliufuta mkataba na kampuni ile. Ardhi ikawa chini ya Tume ya Ardhi ya Uganda, nayo ikaanza kugawiwa watu na makampuni mengine. Mgawanyo huo nao ukazua malalamiko makubwa, hata Bunge likaunda kamati maalumu ya kuuchunguza, na taarifa yake ikajadiliwa mwaka 2022. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 11 tangu tingatinga kuingia. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile alikuwa amekwisha kuwa kijana, na fleti za wazazi wake hazikuwa zimejengwa.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kupima mambo kwa uangalifu. Kisa hiki hakithibitishi kwamba maghorofa ni mabaya, wala hakithibitishi kwamba nyumba za miaka ya ukoloni zilistahili kuachwa zilivyo milele. Kinathibitisha kwamba swali la wapangaji lilikuwa swali halali: nani atabeba hasara iwapo mpango utashindwa? Mkataba haukuwa na jibu lililowafaa, na mpango uliposhindwa, hasara ikawaangukia wao.

MFANO WA MAGOMENI

Jambo la namna hiyo hiyo lilitokea Dar es Salaam, katika nyumba za Magomeni Kota. Huko nako wapangaji wa kaya 644 waliondolewa ili nyumba zao kuukuu zibomolewe, na kwa miaka mingi uwanja ukabaki mtupu. Wapangaji hawakunyamaza. Waliendelea kudai kwa pamoja, wakiwa na orodha ya kaya zao mikononi. Mnamo Septemba 2016 Rais John Magufuli aliwatembelea, akaamua kwamba Serikali yenyewe itajenga maghorofa hapo, na kwamba wale 644 watarudi na kukaa miaka 5 bila kulipa kodi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliyafungua majengo hayo, na wenye haki wakarudi.

Tofauti ya mitaa hii miwili haikuwa katika urefu wa majengo. Magomeni ardhi ilibaki mikononi mwa umma, fedha zilitoka kwa umma, na orodha ya majina iliheshimiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo watu wa Magomeni nao walikaa nje kwa muda mrefu mno, na baadhi ya wazee hawakuwahi kuiona siku ya kurudi. Njia iliyo salama zaidi ni kujenga jengo la kwanza katika sehemu iliyo wazi, kuwahamishia humo wapangaji wa safu moja ya nyumba, kisha kuibomoa safu hiyo na kuendelea na jengo la pili. Njia hii huchukua muda na humsumbua mkandarasi, lakini hakuna familia inayolala nje kwa kungojea saruji.

YA KUANGALIWA NYUMBANI

Mji wowote unaokua utafikiwa na habari za maghorofa, na familia haifai kungoja tingatinga ndipo ianze kuuliza. Baba na mama wa nyumba wana wajibu wa kutunza stakabadhi zote za kodi, za maji na za umeme, kila mwaka mahali pake, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoshuhudia kwamba walikuwapo. Majirani nao wafanye orodha ya kila mlango, jina la mpangaji na idadi ya waliomo, isainiwe na wote, na nakala moja ipelekwe kwa viongozi wa mtaa. Orodha iliyotengenezwa kabla ya mgogoro huaminika kuliko ile inayoandikwa siku ya kubomolewa.

Kadhalika, maisha ya ghorofani yana masharti yake, na ni vema yafahamike mapema. Jiko la makaa lililozoeleka uani haliwezi kuwashwa ndani ya fleti iliyofungwa madirisha, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua watu usingizini. Maji hupandishwa juu kwa mashine, na umeme ukikatika bomba la ghorofa ya nne hukauka. Kinu cha kutwangia humsumbua jirani wa chini, na kuku hawana mahali. Ngazi, taa za njiani, lifti na mapipa ya taka ni mali ya wote, kwa hiyo wenye fleti hulazimika kuchangia matengenezo kila mwezi. Kwa familia ya kipato kidogo mchango huo waweza kuwa mzigo hata kama fleti yenyewe imetolewa kwa bei nafuu. Inafaa kuuliza kiasi chake kabla ya kutia sahihi.

Na swali kubwa kuliko yote ni lile la wapangaji wa Nakawa na Naguru: je, nyumba mpya itakuwa imesimama, ina paa, maji na ufunguo, kabla ya ile ya zamani kuvunjwa? Viongozi wakiweza kulijibu swali hilo kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi, watawakuta wananchi wengi wako tayari kufunga mizigo yao wenyewe na kusaidia kuibeba. Wasipoweza kulijibu, basi wasishangae wakimkuta mpangaji amesimama mlangoni pake, ameushika mbacha wake kwa mikono miwili.