Nguzo ya Panda na Gogo la Msonobari

Mafundi wa Norway na Sweden hulaza magogo. Msonobari wao umenyooka kama mlingoti, kwa hiyo fundi huchonga tumbo la gogo la juu lifuate mgongo wa gogo la chini, hukata mapengo kwenye pembe ili kuta zishikane bila msumari, na katikati hushindilia sufu ya kondoo kuzuia baridi. Gogo bichi likikauka hupungua unene, si urefu, basi ukuta mzima hushuka. Juu ya kila mlango huachwa nafasi. Bila hiyo ukuta ungeukalia mlango, usifunguke tena.

Ulete ufundi huo Tabora, utakwama porini kabla ya kufika kiwanjani. Mti wa mtundu na ndugu zake wa miombo hupinda, hutoa matawi chinichini, tena ni mizito. Fundi wa huku Unyamwezi hakushindana nayo. Alitafuta panda.

Tembe la kienyeji, nyumba ya paa bapa la udongo, huanza na nguzo zenye panda, zilizosimikwa ardhini. Juu ya panda hulazwa miamba, juu yake boriti, kisha fito, nyasi, na mwisho udongo ulioshindiliwa. Panda hufanya kazi ya lile pengo la msonobari, ila hakuna aliyeichonga: nyuzi za mti hupanda kutoka shinani hadi matawini bila kukatwa, ndiyo maana haipasuki kirahisi. Kwangu mimi huo ni useremala kamili, ingawa wengi huuita ujenzi wa miti tu.

Na mzigo wenyewe si haba. Udongo mkavu wa unene wa sentimeta 20 una uzito wa takriban kilo 300 kwa kila mita ya mraba, na mvua za Novemba hadi Aprili huuongeza. Ukuta wa fito na udongo haubebi uzito huo. Hubebwa na nguzo.

Matembe ya wafanyabiashara Waarabu yalikuwa na kuta nene za udongo, baraza mbele, na milango iliyochongwa kwa mtindo wa pwani, lakini paa likabaki bapa, la udongo. Mfano uko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora: makumbusho ya tembe alimokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872, akisubiri wapagazi hadi Agosti.

Adui wa nguzo ni mchwa. Norway adui alikuwa unyevu: nguzo za makanisa ya kale, yaliyojengwa kwa nguzo na si kwa magogo ya kulazwa, zilioza ardhini, mafundi wakaziinua juu ya magogo yaliyolazwa kwenye mawe, na kanisa la Urnes la karne ya 12 lingalipo. Huku dawa ni kuchagua mti. Mchwa hula sehemu nyeupe ya nje ya mninga. Kiini chekundu huwashinda.

Siku hizi nyumba hujengwa kwa tofali za kuchoma na bati, na wapo wasemao hivyo tunaokoa misitu. Sikubaliani nao sana. Fundi wa tembe alikata mti mmoja mmoja akitazama panda yake; tanuri la tofali hula miombo ileile, na mkata kuni hachagui.