Jaji Ashuka Kitini

Imamu Abu Hanifa aliukataa ukadhi kwa kuchelea uzito wake. Bwana David Maraga aliukubali ujaji, akaubeba hadi kustaafu, kisha akaingia katika siasa. Je, mizani itamfuata huko?

Kutoka Suneka, njia ya Migori, hadi Nyamira alikozaliwa mwaka 1951, ni nchi ya Wagusii, nao ndio watu wake. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akafanya uwakili Nakuru miaka mingi, akawa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2003 na Jaji Mkuu mwaka 2016.

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu, majaji wanne kwa wawili, iliutangua uchaguzi wa rais, jambo lisilopata kutokea Afrika. Tarehe 20 ikaandika sababu: uchaguzi ni mwendo mzima, si hesabu ya mwisho pekee. Hukumu hiyo ndiyo kitabu chake kikubwa.

Septemba 2020 alimshauri Rais avunje Bunge lililoshindwa kutunga sheria ya uwiano wa jinsia. Halikuvunjwa. Alistaafu Januari 2021, na mwaka 2025 akatangaza kuwania urais wa 2027.

Hapo pana mtihani, msomaji. Jaji hungoja kuletewa kesi, akasikiliza pande mbili; mwanasiasa huenda kuomba mwenyewe, naye ana upande. Akishika desturi ya kutoa sababu hata jukwaani, ataipa siasa heshima. Akiiacha, watu watadai ile hukumu ilikuwa ngazi tu.